Kona Iliyofichwa Ukutani

Tangi limekaa juu ya mnara, mita tatu kupita kichwa cha shawa. Mita 10 za kimo cha maji huleta presha ya karibu bari moja. Mita tatu hazifiki hata theluthi yake. Kwa nyumba inayotegemea tangi, akiba ndiyo hiyo tu, na fundi bomba ndiye mwenye kuamua itaishia wapi.

Maji yanayokimbia hayakunjiki kirahisi. Yakifika kwenye elbo ya nyuzi 90 huegemea upande wa nje, upande wa ndani yakabanduka ukutani, kisha huendelea kujisokota hata kona ikishapita. Nguvu iliyopotelea humo hairudi. Kwa makadirio ya kawaida, elbo moja hula sawa na bomba lililonyooka lenye urefu wa vipenyo 30: kwa tundu la milimita 13, kama sentimita 40. Elbo kumi ni mita nne.

Valvu nazo hazilingani. Ya geti, ikifunguliwa yote, huacha njia karibu wazi. Ile ambayo maji hupanda na kushuka tumboni mwake hugharimu zaidi ya elbo kumi!

Koki zote zikifungwa, kipimo cha presha hakioni kona hata moja. Maji yaliyotulia hayadaiwi. Deni huanza yakitembea, na mwendo ukiongezeka mara mbili deni huwa mara nne. Julius Weisbach wa Ujerumani aliliweka hilo katika kanuni mwaka 1845, na mpaka leo mabomba huhesabiwa kwayo. Ndiyo maana koki ya jikoni ikifunguliwa, maji huongeza mwendo katika bomba la pamoja, na anayeoga hubaki na povu kichwani.

Fundi mzuri huonekana kwenye mashine ya kuchomelea mabomba ya plastiki. Joto ni nyuzi 260, na bomba la milimita 20 kwa nje hukaa humo sekunde tano. Likizidishiwa moto, au likisukumwa kupita alama, plastiki huvimba kwa ndani na kuacha pete. Tundu la milimita 13 likibaki 10, njia ya maji imepungua kwa zaidi ya theluthi, na kwa nje kiungo kinapendeza kabisa. Basi yeye huhesabu sekunde kimoyomoyo, huingiza bomba bila kulizungusha, hulishika mpaka ligande. Halafu hufungua koki mbili kwa pamoja, akasikiliza.

Kesho yake mwashi anapiga plasta juu ya kazi hiyo.