Nani Amefundishwa Kusema? Mtazamo kuhusu Michezo ya TUSEME

Katika semina zetu mvulana huanza na "Kwa maoni yangu". Msichana huanza na "Samahani, sijui kama niko sahihi". Hoja zao zaweza kuwa zilezile. Wengi husema eti hayo ni maumbile. Mimi nakataa. Kujiamini kimasomo ni zao la mazoezi ya kusema, na jamii zetu hazikuyagawa mazoezi hayo sawasawa.

Tuchukue Rungwe. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company (1951), anawaeleza Wanyakyusa wa miaka ya 1930. Wavulana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe. Humo walijifunza ukwangala: kukaa pamoja, kula pamoja, kuzungumza na kubishana, na hekima iliaminika kupatikana humo. Msichana je? Aliolewa, akahamia kijiji cha mume, na mwiko ukamkataza kumtazama baba mkwe au kutamka jina lake. Mmoja alinolewa ulimi, mwingine alifundishwa kuumeza. Vijiji vile vimekwisha. Mgawanyo wa sauti bado tunao madarasani, na si Tukuyu peke yake.

Hapa ndipo TUSEME inapopata uzito. Mradi huu ulianzishwa mwaka 1996 na wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, tunayemfahamu kwa tamthilia za Hatia na Nguzo Mama. Wasichana wa sekondari huchunguza wenyewe matatizo yanayowakwamisha, huyatungia mchezo, huuonyesha mbele ya wenzao na walimu, kisha watu hujadili. Wapo watakaosema hiyo ni kampeni tu, fani yake nyepesi. Lakini hebu tujiulize: nani anasema, na mbele ya nani? Mwalimu ameketi, msichana anasema. Fani yenyewe ndiyo hiyo.

Hata hivyo nina shaka moja. Jukwaani msichana ana mhusika wa kujikinga naye, na kundi nyuma yake. Kwenye mtihani yuko peke yake. Tena ukwangala ulikuwa wa kila siku, mchezo ni wa siku moja. Kwa hiyo klabu za TUSEME, zinazokutana baada ya onyesho, naziona muhimu kuliko onyesho lenyewe.

Nasi vyuoni tusijitoe. Msichana apewe zamu, apingwe, aitetee hoja yake. Na yule anayeropoka kwa kujiamini, naye aulizwe ushahidi.