Upande wa Nyuma wa Beji

Mkusanyaji aliyekomaa, ukimpa beji ya Mao, hauangalii uso. Anaigeuza. Mbele atamkuta Mwenyekiti yule yule, mara nyingi akitazama kushoto, dhahabu juu ya wekundu. Nyuma ndiko kwenye watu wengine: jina la kiwanda au la kikosi cha jeshi kilichoitoa, mwaka, maneno ya kumtakia Mao umri mrefu, na pini iliyolegea kwa kufunguliwa na kufungwa kila kulipokucha. Naipenda kazi hii kwa sababu ya kule kugeuza.

Mapinduzi ya Utamaduni yalipowaka China mwaka 1966, beji zilimiminika. Watafiti huzikadiria kwa mabilioni. Zilikuwepo za alumini, za kauri, hata za mianzi. Walinzi Wekundu, wengi wao watoto wa shule, walibadilishana mitaani, na wapo waliozichoma moja kwa moja kwenye nyama ya kifua. Mwaka 1969 serikali ikazuia: alumini ilikuwa inaishia vifuani mwa watu huku viwanda vinaihitaji.

Iko beji moja ambayo sisi wa pwani ni rahisi kuipita: ina sahani ya maembe. Agosti 1968 waziri wa mambo ya nje wa Pakistani alimzawadia Mao maembe, naye akayapeleka kwa wafanyakazi waliotumwa kutuliza ghasia za wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing. Kwetu embe ni la kuokota chini ya mti, bichi huliwa kwa chumvi na pilipili. Kule, wengi hawakuwahi kuliona. Zikatengenezwa nakala za nta, zikatiwa ndani ya vioo, watu wakajipanga kuzitazama. Li Zhisui, aliyekuwa daktari wa Mao, ameeleza kwamba katika kiwanda kimoja cha nguo embe lilipoanza kuoza walilimenya, wakalichemsha katika sufuria kubwa, na kila mfanyakazi akanywa kijiko kimoja cha maji yale. Tangu nilipoijua habari hiyo, beji ya maembe siishiki kwa haraka.

Siwezi kuisifu kazi hii nikainyamazia damu. Katika miaka kumi ya Mapinduzi yale walimu walitembezwa hadharani wakiwa wamevishwa kofia ndefu za karatasi, wakapigwa na wanafunzi wao, na wengine wakafa. Ndiyo maana mkusanyaji ninayemheshimu hakikimbii kitabu chekundu cha nukuu za Mao kilichochanwa ukurasa. Hicho ndicho anachokitafuta. Dibaji yake ilikuwa na jina la Lin Biao, aliyetangazwa kuwa mrithi wa Mao. Ndege yake ilipoanguka Mongolia Septemba 1971, akaitwa msaliti, na watu majumbani wakaichana dibaji ile au wakaifuta kwa wino. Kitabu kilichobaki kizima kinanionyesha kazi ya mpiga chapa. Kilichochanwa kina alama ya mkono wa mtu aliyeogopa, na mtu huyo hatajwi popote pengine.

Huko Anren, mkoani Sichuan, Fan Jianchuan amejenga kundi zima la makumbusho, na ndani yake zimo beji, saa na mihuri ya miaka hiyo. Ukusanyaji wa ukubwa ule unanistaajabisha. Wangu unaenea kwenye kopo la biskuti.

Hapa Dar es Salaam adui ni unyevu. Pini hushika kutu mapema, kwa hiyo siziweki beji kwenye nailoni. Nazifunga katika kitambaa kikavu cha pamba. Rangi siisugui hata ikiwa imechafuka, maana uchafu ule nao una mwenyewe.

Beji yangu ya kwanza nilipewa na baba mdogo. Alifanya kazi na Wachina kwenye ujenzi wa TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi, Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Aliipata kwa fundi mmoja waliyezoea kupumzika pamoja kivulini saa za mchana. Walielewana kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno, na jina la fundi huyo baba mdogo hakulikumbuka tena. Nyuma ya beji hiyo pini ya asili imekatika. Mahali pake pamefungwa kipande cha waya wa kawaida, ncha yake imekunjwa kwa uangalifu ili isitoboe shati. Nilimuuliza kama ni yeye aliyeitengeneza. Akasema hapana, aliipokea ikiwa hivyo hivyo.