Zimwi Lisilotoa Mapovu

Katika filamu ya Creature from the Black Lagoon ya mwaka 1954 mna dakika chache zisizo na neno hata moja, na kwangu mimi hizo ndizo zilizoifanya filamu hiyo isizeeke. Mwanamke aliyevaa vazi jeupe anaogelea juu ya maji. Chini yake zimwi lenye magamba linaogelea kichalichali, uso umeelekea juu, likimfuatisha kila anapotupa mkono. Mwanamke hana habari. Mtazamaji anaogopa, kisha bila kupanga anaanza kulihurumia zimwi. Huruma hiyo imejengwa juu ya jambo ambalo wengi hawalitambui: kichwani mwa zimwi haipandi povu hata moja.

Zimwi hilo hupumua kwa mashavu kama samaki. Likitoa mapovu, uongo wote umefichuka: ni mtu aliyevaa mpira, basi. Ndiyo maana Ricou Browning, kijana wa Florida aliyelicheza zimwi hilo ndani ya maji, hakubeba mtungi wa hewa. Alibana pumzi. Aliweza kukaa hadi dakika 4 akiwa ametulia, ila zimwi halikuandikiwa kutulia. Lilitakiwa kukimbiza watu na kupigana nao, na mwili unaofanya kazi huimaliza hewa upesi. Kando ya kamera walimsubiri wasaidizi wenye mpira uliokuwa ukimwaga hewa mfululizo. Akiishiwa, aliacha kila alichokuwa akifanya na kuulegeza mwili wote. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Waliuleta mpira, akavuta hewa ya kumtosha, akaurudisha, kamera ikaendelea.

Ustadi huo haukuzaliwa Hollywood. Mwaka 1947, huko Weeki Wachee, Florida, Newton Perry alifungua maonyesho ya wasichana waliovaa kama nguva, wakicheza ndani ya chemchemi na kupumua kwa mipira ya namna hiyohiyo. Browning alikulia katika kazi za chemchemi za Florida. Filamu ilipofika kutafuta maji maangavu ilimkuta tayari amefundwa, na sehemu kubwa ya hiyo “Amazon” tunayoiona chini ya maji ni chemchemi ya Wakulla, karibu na mji wa Tallahassee.

Hebu tuhesabu alivyokuwa navyo mwilini. Vazi la mpira wenye vinyweleo huelea, kwa hiyo alifungwa vipande vya risasi ili azame. Hakuwa na miwani ya kuzamia, hivyo kila kitu alikiona ukunguukungu kupitia matundu ya macho ya zimwi. Na yeyote aliyewahi kuogelea kichalichali chini ya maji anajua yanavyoingia puani. Katika hali hiyo alitakiwa kwenda sambamba na mwogeleaji wa juu, ambaye kwa picha nyingi za majini hakuwa mwigizaji Julie Adams mwenyewe bali Ginger Stanley, aliyezamia kwa niaba yake. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hapa hata kilichozama kiliundwa.

Kuna ugumu mwingine ambao kamera haiuonyeshi. Mapafu yaliyojaa humwinua mtu, akitoa pumzi anashuka. Ndivyo mzamiaji mwenye mtungi anavyojiweka kwenye kina anachokitaka. Anayebana pumzi hana usukani huo, lazima ajishikilie kwa mikono na miguu. Tena hewa ya mpira si sawa na hewa ya juu. Ukiivuta kwenye kina cha mita 10, kisha ukapanda huku umeibana, hutanuka karibu mara mbili kabla hujafika juu, na mapafu hayana pa kuiweka. Kanuni ya kwanza anayofundishwa kila mzamiaji wa mtungi ni kutobana pumzi kamwe. Kazi ya zimwi ilikuwa kucheza pembezoni mwa kanuni hiyo, siku baada ya siku, na aonekane hana wasiwasi.

Televisheni iliyageuza mapovu kuwa lugha. Sea Hunt, iliyotolewa na Ivan Tors kuanzia 1958 hadi 1961, ilikuwa na vipindi 155 vya mzamiaji Mike Nelson, aliyechezwa na Lloyd Bridges. Chini ya maji Nelson hawezi kusema, kwa hiyo sauti yake inasimulia juu ya picha, na mapovu yanasema yaliyobaki. Vifaa vya wakati ule vilisaidia kwa bahati: vilikuwa na mipira miwili, na hewa iliyotumika ilitokea nyuma ya shingo, uso ukabaki wazi kwa kamera ya Lamar Boren. Vifaa vya leo vya mpira mmoja humwaga mapovu karibu na mashavu. Ni kweli kwamba mipira ya Nelson na maadui zake ilikatwa kwa kisu mara nyingi mno. Nawasamehe. Mapovu yakifumka ghafla, hata mtoto asiyejua kuogelea anaelewa kwamba mtu huyu anakufa.

Mwaka 1989 mwongozaji James Cameron, katika filamu ya The Abyss, alilitatua suala la uso kwa kofia za kioo zenye taa ndani, ili waigizaji waonekane na wasikike. Ni werevu mkubwa, na wa gharama kubwa. Mimi bado navutiwa zaidi na waliofanya kazi bila uso wala sauti.

Kilele chao ni Thunderball ya 1965, filamu ya James Bond iliyopigwa Bahamas. Terence Young aliongoza filamu nzima, lakini pambano la chini ya maji liliongozwa na Browning yuleyule, Boren akiwa kwenye kamera. Wengi hulalamika kwamba pambano hilo ni refu, nami nakubali. Lingepunguzwa robo lisingedhurika. Lakini litazame tena, na usimtazame Bond. Watazame walio nyuma. Maji huiua nguvu ya ngumi, kwa hiyo hakuna anayepiga ngumi ya maana: miwani inang'olewa, mipira inakatwa, mishale inaruka. Waliovaa nyeusi ni wabaya, waliovaa rangi ya chungwa ni wema, na rangi hiyo inaonekana kwa sababu tu wako kwenye maji mafupi yenye jua. Kina kikiongezeka, wekundu ndio hutangulia kufifia. Kila mmoja wa wale makumi ya wazamiaji ana shughuli yake, na hakuna anayeweza kumsikia mwongozaji. Yote yalipangwa juu, wakashuka nayo vichwani.

Katika filamu hiyohiyo Bond anatia mdomoni kifaa kidogo kama kidole, na tunaambiwa kinampa hewa ya dakika 4 hivi. Peter Lamont, aliyekuwa katika idara ya sanaa ya filamu, alisimulia kwamba mtu wa kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uingereza alipiga simu kuuliza kifaa kile kinafanya kazi kwa muda gani hasa. Alijibiwa kuwa ni muda uleule ambao mtu anaweza kubana pumzi.