Mhusika Muuaji: Tumhukumu au Tumfahamu?

Mwanafunzi akiulizwa aeleze sifa za mhusika muuaji, aghalabu huandika: "Ni katili kwa sababu aliua." Jibu hili si kosa, ila limekitaja kitendo kilekile kwa jina jingine. Katika makala haya tunaichunguza riwaya ya Compulsion (1956) ya Mwamerika Meyer Levin ili kuonyesha jinsi mhusika wa aina hii anavyoweza kuhakikiwa bila kutetewa wala kugeuzwa zimwi.

Usuli

Riwaya hii imejengwa juu ya kisa cha kweli. Mnamo Mei 1924 jijini Chicago, Nathan Leopold, kijana wa miaka 19, na mwenzake Richard Loeb, wa miaka 18, walimteka nyara Bobby Franks, mvulana wa miaka 14, wakamuua, kisha wakadai dola 10,000 kwa babake. Wote wawili walitoka katika familia tajiri na walikuwa wasomi hodari. Miwani ya Leopold, iliyookotwa karibu na maiti, ndiyo iliyowaumbua. Wakili wao, Clarence Darrow, aliwashauri wakiri makosa ili hukumu itolewe na jaji peke yake. Jaji John Caverly aliuzingatia umri wao, akawafunga maisha kwa mauaji na miaka 99 kwa utekaji nyara.

Uhusika

Levin amewapa vijana hawa majina ya Judd Steiner na Artie Straus. Judd ndiye aliyechorwa kwa undani zaidi. Ni mpweke, amefiwa na mama, anamwabudu Artie, na ameshikilia falsafa ya Nietzsche kiasi cha kuamini kwamba mtu mwenye akili nyingi hafungwi na sheria za watu wa kawaida. Hapa ndipo mwalimu anapopata nafasi ya kuuliza: ukatili wa Judd unatoka wapi? Je, ni elimu isiyo na utu, ni mapenzi yasiyopata pa kutulia, au ni mali iliyomfanya asijue gharama ya kitu chochote? Matini inaunga mkono majibu yote matatu, na mwanafunzi akichagua lolote lazima alithibitishe kwa matukio.

Msimulizi

Hadithi inasimuliwa na Sid Silver, mwanahabari kijana aliyesoma chuo kimoja na wauaji. Levin mwenyewe alisoma Chuo Kikuu cha Chicago wakati huo. Hata hivyo, Sid anatusimulia mambo ambayo hakuyaona, hata mawazo ya Judd. Msomaji asisahau kwamba anasoma ubunifu. Leopold halisi, aliyeachiliwa kwa masharti mwaka 1958, alimshtaki Levin akidai maisha yake yametumiwa bila idhini. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya jimbo la Illinois iliyakataa madai yake. Mwandishi alishinda kisheria. Lakini swali la kimaadili lingali wazi: ni nani mwenye haki ya kuisimulia aibu ya mtu aliye hai?

Dosari

Kwa maoni yetu, udhaifu mkubwa wa riwaya hauko kwa Judd bali kwa Paulie Kessler, mtoto aliyeuawa. Sehemu ya pili, inayohusu kesi, imejaa madaktari wa akili na hotuba za wakili Jonathan Wilk. Tunaijua nafsi ya muuaji kuliko ya marehemu, ambaye amebaki kuwa jina tu. Kufahamu kukizidi upande mmoja, huzaa dhuluma nyingine.

Hitimisho

Suala hili si la Wamarekani pekee. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba adhabu ya kifo isiwe ya lazima kwa kosa la mauaji. Tangu hapo jaji aweza kusikiliza maelezo ya mkosaji kabla ya kutoa adhabu. Kazi hiyo yafanana na ya mhakiki: kusikiliza kwanza, kupima ushahidi, ndipo kutamka. Basi mwalimu, umpatapo mhusika muuaji katika kitabu chochote, wape wanafunzi maswali mawili: Kwa nini aliua? Na aliyeuawa alikuwa nani? Atakayejibu la kwanza tu hajamaliza uhakiki.