Mkutubi na Majina ya Mlima

Nimekaa mara nyingi pembeni ya meza ya mkutubi wa chuo kimoja mjini Moshi nikimtazama akitafuta maandiko ya kitaaluma, na kila nikiondoka heshima yangu kwake huwa imezidi. Kazi yake haina kelele. Anayepita mlangoni huona mama amekaa mbele ya kompyuta tu.

Siku moja alimpokea mwalimu wa sekondari kutoka Tarakea, wilayani Rombo, anayesomea shahada ya uzamili ya elimu. Swali lake lilikuwa la kwao hasa: je, siku za soko, pale mpakani na Illasit ya Kenya, hupunguza mahudhurio ya wanafunzi darasani? Alishajaribu kutafuta kwa simu hadi bando likaisha, akaambulia habari za magazeti.

Mkutubi hakugusa kompyuta. Alichukua karatasi akaigawa safu tatu: jambo, watu, mahali. Kwenye jambo akaandika utoro, mahudhurio, mdondoko, kuacha shule, ajira ya watoto, kila neno na mwenzake wa Kiingereza, maana sehemu kubwa ya utafiti wa elimu nchini huandikwa kwa lugha hiyo. Safu ya watu ilijaa upesi. Kwenye mahali ndipo alipokawia.

Mteremko huu wa Kilimanjaro umeandikwa kwa majina mengi. Anayetafuta “Chagga” atampata Amy Stambach, aliyetoa kitabu chake juu ya shule za mlimani mwaka 2000, na Frances Vavrus, ambaye kitabu chake cha mwaka 2003 kimejengwa juu ya utafiti wa Old Moshi. Hatampata kirahisi Otto Raum, aliyechapisha mwaka 1940 kitabu kizima kuhusu malezi na elimu ya jadi ya watoto wa Kichagga, kwa sababu Raum aliandika “Chaga”, kwa g moja. Na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kijerumani, yuko chini ya “Dschagga”. Nchi nayo ni hivyo hivyo: maandiko ya kabla ya 1964 mara nyingi yako chini ya Tanganyika, na ya enzi ya Wajerumani chini ya jina la koloni lao. Mwalimu akapendekeza alama ya nyota baada ya herufi chache, ili mashine ilete tahajia zote. “Jaribu, mwalimu,” mama akamwambia. Kukamiminika makala ya ugonjwa wa Chagas wa Amerika ya Kusini. Hapo akamwonyesha namna ya kulifunga jina la kabila kwa jina la nchi, na Chagas ikatoweka.

Maneno ya safu moja huyaunganisha kwa “au”, kisha safu kwa safu kwa “na”. Mantiki hiyo ni ya George Boole, aliyeieleza kwa ukamilifu mwaka 1854, na kanzidata za leo bado zinaitii. Kiunganishi cha tatu, “siyo”, mama hukitumia kwa woga mkubwa, kwa kuwa hutupa na kizuri. Nakubaliana naye.

Halafu akafungua ERIC, kanzidata ya elimu ya serikali ya Marekani, ambayo haidai malipo wala nywila. Ina orodha yake ya istilahi teule, na maandiko yake hubandikwa istilahi hizo. Mama hutafuta kwanza kwa maneno ya kawaida, akipata makala moja iliyo sawasawa hutazama imebandikwa istilahi zipi, kisha huanza upya kwa hizo. Huyu ni mtu anayejua kwamba upande wa pili wa kioo kuna mpangilio, naye anaufuata. Namba inayoanza na EJ ni makala ya jarida. Ya ED ni ripoti, hotuba ya mkutano au andiko jingine, na hilo hulipima kwa jicho kali zaidi. Lakini ERIC haiijui Rombo vizuri, kwa hiyo hakuishia hapo: alihamia AJOL, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998, kisha kwenye hazina za tasnifu za vyuo vyetu.

Marcia Bates, mtaalamu wa ukutubi wa Marekani, aliandika mwaka 1989 kwamba utafutaji ni uchumaji, na swali lenyewe hubadilika kadiri mtu anavyosoma. Mlimani hili linaeleweka: kahawa haiivi yote siku moja, unaurudia mti uleule. Mama alirudia. Alisoma ikisiri, akaruka hadi orodha ya marejeo, akarudi nyuma kwa waliotajwa, akaenda mbele kwa waliomtaja mwandishi baadaye, huku akiandika daftarini kila alichotafuta, wapi na tarehe gani. Majina yaleyale yalipoanza kujirudia, akafunga.

Kabla ya kumwachia mwalimu aliomba kuona kichwa cha tasnifu yake. Kilisema “wilaya moja ya mpakani”. Alikikata kwa kalamu. Akamwagiza aandike Tarakea, Rombo, Kilimanjaro na Tanzania, na kwenye ikisiri aweke utoro na mahudhurio pia, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.