Wimbo Unaofuata

Kucheza wimbo mzuri redioni si kazi kubwa. Kazi ni wimbo unaofuata. Hapo ndipo mtangazaji aliyekomaa anapojulikana mbele ya mwenye sauti nene tu, na muziki wa roki hauna huruma katika jambo hili: una nyimbo za dakika tatu na za dakika ishirini, magitaa yanayonguruma na mengine yanayonong'ona. Asiyejua anakoelekea huumbuka mapema.

Tom Donahue alijua. Kabla ya kuingia KMPX, kituo kidogo cha FM mjini San Francisco, mwaka 1967, alikuwa ameitumikia AM kwa miaka, kwenye nyimbo fupi zinazovuma na maneno ya harakaharaka. Wakati huo serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kuvizuia vituo vya FM vya miji mikubwa visirudie tu matangazo ya AM, basi palikuwa na nafasi ya kujazwa. Donahue akawaacha watangazaji wachague santuri wenyewe, wacheze upande mzima wakipenda, wakutanishe bluzi na roki na muziki wa Kihindi, kisha waseme kwa sauti ya mazungumzo nani alipiga nini. Watu huusifu sana uhuru ule. Wanachosahau ni kwamba aliyeutoa alizijua kanuni za zamani mpaka zikamchosha.

New York kulikuwa na Alison Steele wa WNEW-FM. Mwaka 1968 alipewa zamu ya usiku wa manane, akajiita Ndege wa Usiku, akawa anafungua kipindi kwa mashairi na filimbi za milima ya Andes kabla ya gitaa lolote kusikika. Msikilizaji wa saa tisa usiku si yule wa saa tisa mchana, hata akiwa mtu yuleyule, na Steele alimfahamu huyo wa usiku: dereva, mlinzi, mwanafunzi, aliyekosa usingizi. Hakuwapigia kelele.

Kituo hichohicho, Septemba 1974, kilimpokea John Lennon studioni. Alikaa na mtangazaji Dennis Elsas akicheza santuri alizozileta mwenyewe, akasoma hata matangazo ya biashara na hali ya hewa, akifurahi kama mtoto. Miaka sita baadaye, usiku wa tarehe 8 Desemba 1980, mtangazaji mwingine wa kituo hicho, Vin Scelsa, alikuwa hewani zilipofika habari kwamba Lennon ameuawa. Ratiba gani ingemsaidia? Aliukatiza wimbo wa Bruce Springsteen uliokuwa ukiendelea, akawaambia watu. Baada ya tangazo kama hilo mtangazaji anapaswa kucheza kitu, na anapaswa kukijua sasa hivi, mkono ukiwa tayari juu ya santuri. Hakuna anayejifunza hilo usiku huohuo. Hujifunza katika miaka ya usiku wa kawaida, ambao hakuna aliyeukumbuka.

Hata hivyo uzoefu una mtego wake, na wengi wamenaswa: wanaendelea kucheza nyimbo za ujana wao hadi uzeeni. John Peel wa BBC Radio 1 aliukwepa. Alianza hapo mwaka 1967, akabaki hadi alipofariki mwaka 2004. Mwaka 1978, akikaribia miaka arobaini, aliucheza wimbo wa vijana wa Derry walioitwa The Undertones, ulipokwisha akaurudia papo hapo. Masikio yaliyosikia maelfu ya santuri ndiyo yaliyotambua kwamba hii haikufanana na nyingine.

Kisha ikaja sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 iliyolegeza mipaka ya umiliki. Kampuni moja, Clear Channel, ikafikia zaidi ya vituo elfu moja. Kompyuta ikapanga nyimbo, na sauti iliyorekodiwa mapema ikatumwa kwenye mji ambao msemaji hajui kama mvua inanyesha. Nyimbo zilizochaguliwa hivyo hazimuudhi mtu, na hiyo ndiyo kasoro ninayoiona mimi ndani yake.

Jim Ladd, mtangazaji wa Los Angeles aliyezoea kuunganisha nyimbo kwa mada moja usiku kucha, aliachishwa kazi katika kituo cha KLOS mwaka 2011. Akahamia redio ya satelaiti, akaendelea kuchagua mwenyewe kila wimbo hadi alipofariki Desemba 2023.