Mchezo Chini ya Miti

Msomaji, ukiulizwa mchezo wa kuigiza ni kitu gani, pengine utawaza kwanza jumba, pazia na taa. Yafaa uviondoe vitu hivyo vitatu katika fikira zako, kisha utazame kinachosalia. Kikisalia kitu, hicho ndicho mchezo. Kisiposalia, yalikuwapo mapambo matupu.

Jaribio hili hufanyika vizuri msituni. Jumbani ukuta huirudisha sauti ya mchezaji, na giza humtuliza mtazamaji kitini. Chini ya miti hakuna ukuta. Upepo hulichukua neno, majani huligubika, na mtazamaji aliyechoka huondoka bila ya kuomba njia. Kwa hiyo mchezaji wa msituni sharti awe na sauti itokayo kifuani, na vitendo vinavyoonekana hata na aliyesimama nyuma ya wote.

Nilipata kutazama mchezo wa namna hii katika shamba la mikaratusi karibu na Malaba. Hadithi yake ilikuwa ya ndugu wawili, kila mmoja na boma lake ng'ambo yake ya mto, waliogombania ng'ombe aliyevuka maji. Nusu ya kwanza ilikuwa dhaifu. Wachezaji walitazamana wao kwa wao wakanong'onezana, na kila honi ya lori barabarani ilimeza nusu ya maneno yao. Lakini ndugu mkubwa alipoanza kumtafuta ng'ombe, aliingia katikati yetu akatuuliza mmoja mmoja kama tumemwona. Watu wakamjibu, huyu kwa Kiteso, huyu kwa Kisamia, huyu kwa Kiswahili, na wengine wakampoteza njia kwa makusudi. Hapo mchezo ukapata uhai.

Sababu yake si ngumu kuiona. Nusu ya kwanza ilitungwa kwa ajili ya jumba lisilokuwapo. Ya pili ilitungwa kwa ajili ya mahali petu. Wateso wanakaa Kenya na Uganda pia, na mji wa Busia una jina moja pande zote mbili za mpaka. Hata nchi hii tunayoikanyaga ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda mpaka mwaka 1902. Mtazamaji wa hapa hahitaji kufafanuliwa ugomvi wa ndugu waliotengwa na mpaka.

Wako wasemao kwamba mchezo wa nje ni wa watu wasio na uwezo wa kujenga. Hao wakumbuke kwamba ua wa Globe, jumba lililojengwa London mwaka 1599 na kuchezewa michezo ya Shakespeare, haukuwa na paa, na wachezaji wake walitumia mwanga wa jua. Wakumbuke pia wanafunzi wa Makerere, ambao tangu mwaka 1965 walisafiri na michezo yao wakiwachezea watu bila ya malipo.

Lakini ushahidi mzito kuliko yote uko Kamiriithu, Limuru. Huko wanakijiji walijenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakacheza mwaka 1977 mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wapita njia waliwasahihisha wachezaji. Mwaka huohuo serikali iliondoa kibali cha mchezo, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hakuna atumaye watu kubomoa kitu kisicho na nguvu. Nguvu ya jukwaa lile ilikuwa hii: halikuwa na mlango wa kumzuia mtu, na mtazamaji wake alikuwa mkosoaji kabla ya mchezo kuanza.

Basi, msomaji, utakapotazama mchezo chini ya miti, usikae mbele. Simama nyuma, karibu na mama aliyetua mzigo wake kidogo kabla ya kwenda sokoni. Akiubeba tena upesi akaenda zake, mchezo umeshindwa, hata kama wageni wa heshima wanapiga makofi. Akisahau soko, umeshinda.